Namna ya kumwelewa Foucault kupitia mahojiano yake

Wasomaji wengi ninaowafahamu walimwacha Michel Foucault, mwanafalsafa wa Ufaransa, kabla ya kufika ukurasa wa hamsini. Wanafungua kitabu chake cha 1966, kile cha maneno na vitu, wanakuta sura nzima ya mwanzo inachambua mchoro mmoja wa Velázquez, mchoraji Mhispania. Wanangoja hoja itajwe. Haitajwi. Wanafunga kitabu na kujiambia kwamba falsafa hii si ya watu wa kawaida. Nami nasema kosa si lao. Kitabu kile kiliandikiwa mtu ambaye tayari alikuwa ndani ya mabishano ya Paris ya miaka ile, na aliyeko nje hapewi hata kiti.

Upo mlango mwingine. Tangu 1961, alipotoa kitabu chake kikubwa kuhusu uendawazimu, hadi majuma machache kabla ya kifo chake tarehe 25 Juni 1984, Foucault aliketi na waandishi wa magazeti, wanahistoria, wanajiografia, wanafunzi na wanafalsafa wenzake, akaulizwa, akajibu. Maneno hayo yamekusanywa, na yanasomeka. Sentensi ni fupi kuliko za vitabuni, mifano iko karibu, na mara kwa mara utamkuta akikiri kwamba jambo fulani zamani hakuliona vizuri.

Ila mlango huu una namna yake ya kuingiwa. Anayeyasoma mahojiano kama muhtasari wa vitabu atatoka na sentensi nzuri za kunukuu na kichwa kilichochanganyikiwa. Mahojiano ni tukio: siku fulani, mtu fulani aliuliza jambo fulani, na jibu lilimlenga yeye. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka katika wazo hilo moja.

Hatua ya 1: Chukua karatasi moja uandike miaka

Fanya hivi kabla hujasoma mahojiano yoyote. Gawa karatasi kwa mstari wa katikati. Kushoto andika vitabu: 1961 uendawazimu, 1963 kuzaliwa kwa tiba ya kliniki, 1966 maneno na vitu, 1969 akiolojia ya maarifa, 1975 gereza na adhabu, 1976 juzuu ya kwanza ya historia ya ujinsia, 1984 juzuu ya pili na ya tatu. Ongeza mambo matatu ya maisha yake: kufundisha Tunis kati ya 1966 na 1968, kuchaguliwa kufundisha Collège de France, taasisi ya elimu ya juu mjini Paris, 1970, na kuanzisha pamoja na wenzake kikundi cha kukusanya habari za magereza, Februari 1971. Kulia acha wazi. Huko ndiko kila mahojiano utakayosoma yatakapoandikwa.

Sasa tazama upande wa kushoto. Kati ya 1976 na 1984 pana pengo la miaka minane. Aliyeandika kuhusu gereza anaibuka upande wa pili akiandika kuhusu Wagiriki na Warumi wa kale na namna walivyojitunza nafsi zao. Imekuwaje? Ukisoma vitabu peke yake utadhani ni watu wawili. Lakini katika miaka hiyo minane hakunyamaza. Alifundisha karibu kila mwaka, na alihojiwa mara nyingi sana. Kwa maoni yangu pengo hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuyasoma mahojiano, kwa kuwa ndimo unamwona akivuka.

Mkusanyo mkubwa wa Kifaransa ulitoka Paris mwaka 1994 katika juzuu nne, ukihaririwa na Daniel Defert na François Ewald. Foucault alikuwa amesema hataki vitabu vitolewe kwa jina lake baada ya kufa, kwa hiyo wahariri walikusanya yale ambayo yalikwishachapishwa huku na kule, na wakayapanga kwa miaka. Mpangilio huo ni msaada mkubwa. Mikusanyo mingine, hasa ya tafsiri za Kiingereza, imepangwa kwa mada: maadili huku, mamlaka kule. Kama ulio nao ni wa namna hiyo, tarehe huenda imefichwa katika maelezo madogo chini ya ukurasa. Itafute, uiandike kwa penseli juu kabisa, mahali ambapo jicho litaiona kabla ya kitu kingine.

Na uandike tarehe mbili, siyo moja: siku waliyozungumza, na siku maneno yalipochapishwa. Mazungumzo yake marefu na Mwitalia Duccio Trombadori yalifanyika mwishoni mwa 1978, yakachapishwa 1980. Yale ya tarehe 29 Mei 1984, ambayo yanahesabiwa miongoni mwa maneno yake ya mwisho, yalitoka gazetini tarehe 28 Juni, siku tatu baada ya yeye kufariki. Ukijua hilo husomi tena kwa haraka ile ile.

Hatua hii niliiruka nilipoanza, na ilinigharimu. Nilikuwa na daftari nililojaza sentensi zake bila mwaka wala jina la aliyeuliza. Siku moja nikakuta kwenye ukurasa mmoja sentensi inayosema kwamba kazi yake yote ilihusu mamlaka, na mistari mitatu chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, sentensi inayosema kwamba mada yake kamwe haikuwa mamlaka. Niliamini kwamba nimeelewa vibaya, au kwamba yeye hajielewi. Ilinibidi kurudi nyuma miezi kadhaa ya kusoma ili kugundua kwamba sentensi hizo zimepishana miaka mitano, na kwamba zilisemwa kwa watu tofauti waliokuwa na hofu tofauti.

Hatua ya 2: Mjue anayeuliza

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wasomaji wengi wanapopita mbio.

Mwaka 1976 jarida jipya la wanajiografia wa Ufaransa, Hérodote, lilimhoji Foucault katika toleo lake la kwanza kabisa. Waliomhoji walikuwa na dukuduku la kweli. Katika vitabu vyake amegusa tiba, sarufi, uchumi, biolojia, sheria, lakini jiografia haimo. Mbona ametuacha? Na zaidi ya hapo: mbona maandishi yake yamejaa maneno ya mahali, kama eneo, uwanja, milki, upeo, kuhama, huku taaluma ya mahali akiinyamazia?

Fuatilia anavyojibu. Mwanzoni anajihami. Swali analisikia kama lalamiko la watu wanaotaka taaluma yao ipewe nafasi, sawa na walimu wanaopinga mageuzi ya elimu kwa sababu saa za somo lao zimepunguzwa. Anasema kwamba yeye huandika juu ya mambo ambayo amepambana nayo mwenyewe, na kwamba kama wanajiografia wanataka historia ya maarifa yao, watu wa kuifanya ni wao.

Wanaendelea kumsukuma. Wanamrudisha kwenye yale maneno ya mahali. Naye anaanza kuyachambua moja baada ya jingine: eneo kwanza ni wazo la kisheria na kisiasa, ni sehemu iliyo chini ya utawala fulani, anayehama ni jeshi, kikosi, kundi la watu, mkoa ni wa kodi, wa utawala, wa kijeshi. Kumbe maneno aliyokuwa akiyatumia bila kuyawazia sana yametoka kwa askari na maofisa wa serikali kabla hayajafika kwa wanajiografia. Unamwona akifikiri mbele ya macho yako. Mwishoni anawaambia waziwazi kwamba amebadili mawazo tangu walipoanza kuzungumza, na kwamba jiografia haina budi kuwa katikati ya mambo yanayomshughulisha. Baadaye, mwaka huo huo, yeye ndiye aliyewapelekea wao maswali.

Hayo huyapati kitabuni, kwa kuwa kitabu humfikia msomaji baada ya mwandishi kumaliza kubadilika. Hapa mabadiliko yenyewe yamenaswa. Na kama usingejua kwamba wanaouliza ni wanajiografia walioanzisha jarida jipya, ule ukali wa mwanzo ungeuona ni kiburi na ule mwisho ungeuona ni adabu tu.

Kwa hiyo kwa kila mahojiano andika mstari mmoja: nani anauliza, anatoka wapi, anahofia nini. Mara nyingi hofu inajitokeza katika swali la pili au la tatu. La kwanza kwa kawaida ni la kupasha moto.

Hatua ya 3: Yasome maswali peke yake

Weka karatasi juu ya majibu, usome maswali tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Itakuchukua dakika kumi. Utaona kama mazungumzo yana mwelekeo au yanarukaruka, utaona swali linalorudi mara mbili kwa maneno tofauti, na hilo linalorudi ndilo ambalo jibu lake la kwanza halikumtosheleza aliyeuliza. Weka alama hapo. Ukija kusoma majibu, pale ndipo utakapopunguza mwendo.

Mfano mzuri ni mazungumzo na Waitalia wawili, Alessandro Fontana na Pasquale Pasquino, ya 1976, yaliyochapishwa Italia mwaka uliofuata. Maswali yao ya mwanzo yanazungukia jambo la kukatika kwa historia: wakati huo watu wengi walimjua Foucault kama mtu anayefundisha kwamba historia hukatikakatika, haitiririki. Yeye analalamika kwamba hata kamusi moja maarufu ya Kifaransa imemweleza hivyo hivyo, na kwamba imemshangaza. Kwake kukatika huko hakukuwa fundisho, kulikuwa ni swali: imekuwaje katika miongo michache tu namna ya kuzungumza juu ya ugonjwa ikabadilika kiasi kile? Kama hukuyasoma maswali kwanza, malalamiko yale yatakupita kama hasira ya mtu aliyechoka. Ukiyasoma, unaona kwamba anasafisha uwanja kabla ya kusema jambo lake jipya.

Hatua ya 4: Anza na haya manne, kwa mpangilio huu

Watu husema anza popote. Sikubaliani. Mtu akianza na mahali pabaya huchoka upesi, na mahojiano haya yamezidi wingi wa kubahatisha.

Anza na yale ya wanajiografia, 1976. Ni mafupi na yana msuguano.

Kisha yale ya Fontana na Pasquino. Humo ndimo anasema kwa uwazi kuliko mahali pengine ninapopajua kwamba mamlaka hayasemi hapana tu. Kama yangekuwa ni kukataza peke yake, anauliza, ni nani angeyatii muda wote huo? Mamlaka huzaa: huzaa maarifa, huzaa namna za kusema, huzaa hata raha. Anakiri pia kwamba katika kitabu cha 1961 alikuwa akitumia, bila kutangaza, wazo la ukandamizaji, na kwamba sasa analiona halitoshi. Na anasema kwamba nadharia ya siasa bado haijamkata mfalme kichwa, maana yake tunaendelea kuwaza mamlaka kana kwamba lazima awepo mmoja juu anayeamuru na kukataza.

La tatu, Trombadori, 1978. Haya ni marefu, yanakaribia kuwa kitabu kidogo, kwa hiyo yagawe katika siku nne au tano. Humu anasimulia alikotoka: Nietzsche, Bataille, Blanchot, watu waliomsaidia kutoka katika falsafa aliyofundishwa chuoni. Anajiita mfanya majaribio, anakataa jina la mwananadharia. Huandika kitabu, anasema, ili abadilike mwenyewe, asiwaze tena kama alivyowaza kabla. Humu pia anaeleza kwamba kilichomgusa kisiasa hakikuwa Paris ya Mei 1968, ya maandamano makubwa ya wanafunzi na wafanyakazi, ambako hakuwepo, bali wanafunzi wa Tunisia wa Machi mwaka huo, waliokuwa wakijua kwamba wanaweza kulipa kwa miaka mingi gerezani na bado wakasimama. Nikifika sehemu hiyo siku zote hufunga kitabu kwa muda. Mtu anayesemwa kuwa mkavu anazungumza juu ya vijana waliohatarisha kila kitu, na unasikia kwamba bado hajawasahau.

La nne, Januari 1984, mazungumzo kuhusu kujitunza nafsi na uhuru. Yasome mwisho, kwa kuwa yanarekebisha mengi ya yale matatu.

Mdahalo wake na Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, uliofanyika Eindhoven, Uholanzi, Novemba 1971 na kurushwa kwenye televisheni, unaweza kusubiri. Unapendwa sana na una mvuto, lakini mdahalo mbele ya hadhira humsukuma mtu kwenye ncha ya msimamo wake. Foucault anafika mahali anasema wafanyakazi hupigana ili kushinda na kuchukua mamlaka, wala si kwa sababu vita vyao ni vya haki. Ni maneno mazito. Ukianza nayo utamwona ni mtu asiyejali haki, na picha hiyo itakuziba macho kwa muda mrefu.

Hatua ya 5: Tengeneza daftari la maneno matatu

Matatu yanatosha. Ukianza na ishirini utaacha.

La kwanza ni *pouvoir*. Kwa Kifaransa ni jina, na ni kitenzi vilevile: kuweza. Kiswahili kinatupa maneno mengi na hakuna hata moja linalokaa sawasawa. "Mamlaka" na "madaraka" yanaleta picha ya ofisi, muhuri na mtu mwenye cheo, yaani mfalme yule yule ambaye Foucault anataka tumwache. "Nguvu" inaleta misuli na mabavu, ilhali yeye anasema mabavu matupu ni kitu kingine. "Uwezo" uko karibu na kile kitenzi, lakini unakaa ndani ya mtu mmoja, na hoja yake nzima ni kwamba jambo hili liko kati ya watu.

Msaada unatoka kwake mwenyewe. Januari 1984 anasema kwamba neno hilo likisimama peke yake halitumii sana, na akilitumia ni kwa kufupisha tu. Anachomaanisha ni mahusiano ya mamlaka. Kisha anatoa mfano ambao kwangu unazidi kurasa nyingi za maelezo. Anawaambia waliomhoji kwamba yeye ni mkubwa kuliko wao kwa umri, na huenda mwanzoni walimwogopa kidogo; lakini mazungumzo yakiendelea jambo hilo linaweza kugeuka, yeye akawa ndiye anayemwogopa kijana, hasa kwa kuwa ni kijana. Hayo ndiyo mahusiano ya mamlaka: yanahama, yanapinduka, yanahitaji pande zote mbili ziwe na kiasi fulani cha uhuru. Yakiganda yasiweze kupinduka tena, hapo anayaita hali ya kutawaliwa, na hiyo ni kitu kingine. Tangu nisome ukurasa huo naandika "mahusiano ya mamlaka" kila mara, hata pale sentensi inapokuwa nzito. Nakushauri ufanye hivyo hivyo kwa mwezi mmoja uone tofauti.

La pili ni *sujet*. Katika insha yake ya 1982 anaeleza kwamba neno hili lina maana mbili kwa pamoja: aliye chini ya mwingine, na aliyefungwa na utambulisho wake kwa njia ya dhamiri au kwa kujijua. Kwa Kiswahili tunalazimika kuyatenganisha, "mtawaliwa" na "nafsi", na tukitenganisha tunapoteza kiini, kwa kuwa anachouliza ni namna mtu anavyofanywa mtawaliwa kwa kufanywa nafsi. Katika daftari langu nimeyaandika yote mawili na mkwaju (/) kati yake. Si kizuri kwa macho, ila kinanikumbusha.

La tatu ni jozi, *savoir* na *connaissance*, ambayo wengi hutafsiri kwa neno moja, maarifa. Kwa Trombadori anaitofautisha: *connaissance* ni kujua kitu huku wewe unayejua ukibaki vile vile, *savoir* ni kujua kunakombadilisha anayejua. Unapokutana na "maarifa" katika tafsiri, rudi kwenye Kifaransa ukiweza, au angalau jiulize ni ipi kati ya hizo mbili.

Hatua ya 6: Kila anaposema "kazi yangu yote", andika tarehe

Hili ni zoezi dogo lenye faida kubwa. Foucault ana tabia ya kugeuka nyuma na kueleza kazi yake nzima kwa jambo moja, na kila mara jambo hilo ni tofauti. Mwaka 1977 Waitalia wanasoma kwamba, akitazama nyuma, haoni alikuwa akizungumzia nini katika uendawazimu na kliniki kama si mamlaka, ingawa neno lenyewe alilitumia kwa nadra sana. Mwaka 1982 anaandika kwamba mada ya utafiti wake si mamlaka, ni *sujet*. Januari 1984 anasema swali lake siku zote limekuwa uhusiano wa nafsi na ukweli.

Ni yapi ya kweli? Mimi naona yote, kila moja kwa siku yake. Mtu anayetembea akigeuka kutazama nyuma akiwa bondeni ataona njia tofauti na atakayoiona akiwa mlimani, na njia ni ile ile. Kosa ni kuchukua mtazamo mmoja na kuufanya ramani. Nimesoma makala nyingi zinazomweleza Foucault kama mwanafalsafa wa mamlaka, basi. Ukichunguza zinategemea mahojiano ya katikati ya miaka ya sabini, na haishangazi, kwa kuwa mkusanyo ulioenea sana kwa Kiingereza, ule uliohaririwa na Colin Gordon na kutolewa 1980, una maandishi ya kuanzia 1972 hadi 1977 tu. Kitabu kizuri sana. Lakini dirisha lake ni la miaka sita.

Kwa hiyo upande wa kulia wa karatasi yako, penye kila mahojiano, andika kwa maneno yako: siku hii alisema kazi yake inahusu nini. Baada ya mahojiano sita au saba utakuwa na safu ambayo hakuna utangulizi wa kitabu utakaokupa.

Hatua ya 7: Chukua dai moja urudi nalo kitabuni

Mahojiano yana hatari yake: ni mepesi kumeza. Mtu anaweza kusoma hamsini akajiona amemjua Foucault bila kuona ushahidi hata mmoja. Ushahidi, yaani nyaraka, tarehe, kanuni za magereza, ratiba za shule, uko vitabuni.

Jaribu na mnara wa Bentham. Mwaka 1977 Jean-Pierre Barou na mwanahistoria Michelle Perrot walimhoji kuhusu *Panopticon*, mpango wa jengo ambao mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham aliueleza katika barua za 1787 zilizochapishwa 1791: vyumba vimepangwa kwa duara, mnara katikati, mlinzi anawaona wote na wao hawamwoni. Foucault anasimulia alivyoufikia. Hakuwa akitafuta magereza. Alikuwa akichunguza ujenzi wa hospitali katika nusu ya pili ya karne ya 18, akaona kila mradi unashughulika na jinsi ya kumwona mgonjwa. Kisha alipoingia kwenye mipango ya magereza akakuta jina la Bentham kila mahali. Na anasema jambo linalomtatiza msomaji: katika mtambo ule hakuna mwenye mamlaka. Wote wamo ndani yake, anayeangalia na anayeangaliwa.

Sasa fungua kitabu cha 1975 kwenye sura ya mnara huo. Sura inaanza na mji uliopatwa na tauni mwishoni mwa karne ya 17, na kanuni zake: kila mtu ndani ya nyumba yake, jina lake katika orodha, dirishani anapoitwa. Soma ukiwa na swali moja tu mkononi: je, hapa ninaona kwamba hakuna mwenye mamlaka? Utasoma kurasa thelathini kwa makini ambayo hukuwa nayo mwanzo, kwa kuwa safari hii unatafuta kitu. Pengine utakuta kitabu kinasema kwa uangalifu zaidi kuliko mahojiano. Hapo andika tofauti.

Hatua ya 8: Soma moja kana kwamba hujui jina

Aprili 1980 gazeti la Le Monde lilichapisha mahojiano na mwanafalsafa aliyekubali kuzungumza kwa sharti moja: jina lake lisitajwe. Alikuwa Foucault, na siri ilitunzwa hadi alipofariki. Alitaka wasomaji wasikie maneno kabla ya kusikia umaarufu. Anapendekeza humo mchezo: kwa mwaka mzima vitabu vyote vitoke bila majina ya waandishi, wahakiki wahangaike. Anatamani uhakiki usiohukumu, unaokipa kitabu uhai. Na anautetea udadisi, ambao wengi waliudharau, akisema kwake neno hilo lina harufu ya kujali.

Yasome yote kwa mkao mmoja, bila penseli. Ni mahojiano pekee ninayoshauri yasomwe hivyo.

Hatua ya 9: Andika swali lako

Foucault mwenyewe alikuwa muulizaji. Kile kikundi cha magereza cha 1971 kilianza kwa orodha ya maswali iliyopenyezwa kwa wafungwa kupitia jamaa zao, ili waliomo ndani waseme wenyewe chakula kikoje, kipigo kikoje, barua zinafika au hazifiki. Na Mei 1984, akizungumza na Paul Rabinow, mwanaanthropolojia wa Marekani, anaeleza haki za anayeuliza: ana haki ya kubaki hajaridhika, kuona mkanganyiko, kudai maelezo zaidi, kuonyesha kosa katika hoja.

Haki hizo ni zako pia. Ukimaliza mahojiano manne ya mwanzo, chukua lile ambalo hukukubaliana nalo zaidi. Tafuta mahali ambapo wewe, kama ungekuwa umekaa mezani, ungemkatiza. Andika swali hilo kwa ukamilifu, kwa adabu, bila kumwekea maneno mdomoni, na tarehe ya leo pembeni. Kisha endelea na mahojiano ya mwaka unaofuata, uone kama kuna mtu alimuuliza.